Shangazi, nimpangie binti yangu nyumba yenye ukuta au nyumba yenye watu?

Shangazi, shikamoo. Nawasalimu na wasomaji wenzangu.

Mimi ni baba wa miaka 44, dereva wa serikali. Nimezaliwa Tanga, nimeolea Tanga, na mpaka Agosti mwaka huu sikuwahi kuhamia mahali pengine. Ikaja barua ya uhamisho: niripoti makao makuu ya wizara, Mtumba, Dodoma. Nikafunga begi moja, nikapanda basi la alfajiri, Segera, Chalinze, Morogoro, Gairo, jioni nikawa Dodoma. Nina mtoto mmoja, binti wa miaka 15. Mama yake alifariki mwaka 2021. Tangu hapo tumekuwa wawili, na mama yangu mzazi ndiye aliyetushika mkono.

Binti nilimwacha kwa bibi yake, Ngamiani, kwa sababu alikuwa anajiandaa na mtihani wa upimaji wa Kidato cha Pili. Ameshaumaliza. Januari anaingia Kidato cha Tatu, na tumekubaliana aanzie huku, kwangu. Kwa hiyo natafuta nyumba, na huu ni mwezi wa pili natafuta.

Nieleze kazi yangu kwanza, maana bila hiyo utajiuliza huyu mwanaume anahangaika na nini. Mimi si dereva wa kwenda na kurudi. Wakubwa wakienda ziara mikoani, nakwenda nao. Mwezi wa kumi nilikaa Rukwa na Katavi siku 11. Wiki iliyopita nilikuwa Tabora siku tano. Simu inaweza kuingia saa nne usiku kwamba saa kumi alfajiri tunaondoka. Posho za safari ndizo zinazotuweka mjini, mshahara peke yake haufiki tarehe 20. Hesabu yangu ni kwamba kwa mwezi, siku nane mpaka kumi mtoto atalala ndani ya nyumba ambayo mimi simo. Kwa hiyo kila nyumba ninayoonyeshwa, naitazama kwa usiku ule ambao mimi nipo Sumbawanga.

Wenzangu kazini jibu lao ni moja: mpeleke bweni. Nawaelewa, wana nia njema. Lakini mama yake alipofariki, mtoto alikuwa darasani. Hakuna aliyekwenda kumchukua. Tulikuwa tumevurugikiwa, kila mtu alidhani mwenzake amekwenda. Alirudi saa kumi jioni na begi mgongoni, akakuta turubai limefungwa mlangoni na watu wamekaa kwenye mikeka. Mpaka leo akisikia neno bweni anasema, "Baba, nitajuaje huko nyumbani kuna nini?" Siwezi kumlazimisha. Hilo naomba tuliache.

Sasa nyumba zenyewe.

Ya kwanza ipo Nzuguni, huku upande wa mashariki, mbele kidogo ya stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai. Kwangu ni karibu na kazini, maana barabara ni hiyo hiyo ya kwenda Ihumwa na Mtumba. Nyumba ni mpya. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo na bafu ndani, malumalu mpaka kibarazani, tangi la maji juu kwa ajili ya siku za mgao, LUKU ya peke yetu. Ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu, na geti la chuma. Kodi 200,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, na dalali anataka mwezi wake. Jumla 1,400,000. Ninazo. Nimezikusanya kwa jasho, lakini ninazo.

Dalali alinipeleka saa tano asubuhi, jua kali, nikaipenda. Kisha nikajiambia, mtoto hatakuwa anarudi saa tano asubuhi. Nikarudi peke yangu saa moja jioni, nikashuka kwenye daladala pale atakaposhuka yeye, nikaanza kutembea. Dakika 16 kutoka lami mpaka getini. Nilizihesabu kwenye simu. Njia ni ya vumbi, inapita katikati ya viwanja ambavyo havijajengwa, vina vichaka vya miiba, na mapagale manne. Moja lilikuwa na moto ndani, kuna watu walikuwa wamekaa, sikuwaona sura. Mbwa wawili walinifuata mpaka karibu na geti. Katika dakika zote hizo nilipishana na mtu mmoja tu, kijana wa bodaboda, akapunguza mwendo, akaniuliza, "Mzee, nikusogeze?" Kwangu mimi ile ilikuwa hisani. Nikawaza angemuuliza mwanangu, siku ya kwanza, ya pili, ya kumi, mvua inanyesha, na nauli hana. Najua sheria ya nchi imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Lakini sheria inafika baada ya mtoto kuharibikiwa, mimi nataka kufika kabla.

Nilipofika getini nikagonga nyumba ya jirani ili nijitambulishe. Mlinzi akatoa kichwa, akaniambia wenyewe wapo kazini, wanarudi usiku. Nikamuuliza wanaitwa nani. Hakuwa anajua. Nyumba ya pili hakukuwa na mtu kabisa. Simlaumu yeyote, ni mtaa mpya, wengi ni kama mimi, watumishi tuliokuja na serikali kuanzia ule mwaka 2016 uhamiaji ulipoanza kwa kasi. Kila mtu amefungia maisha yake nyuma ya geti, na asubuhi gari linatoka.

Nyumba ya pili ipo Nkuhungu, upande mwingine kabisa, kwenye barabara ya Singida. Kutoka huko kwenda Mtumba inabidi niuvuke mji wote, na asubuhi niamke saa tisa na nusu. Huko nilipelekwa na fundi mmoja wa magari, si dalali. Ni nyumba ya uani, wapangaji sita. Mimi ningepata vyumba viwili vilivyopakana, 90,000 kwa mwezi, miezi mitatu tu. Mtaa umejaa. Ukitoka mlangoni kuna duka, kuna mama wa vitumbua, kuna watoto wanaruka kamba, kuna msikiti unaousikia adhana bila kipaza sauti. Niliambiwa wazi kwamba mvua zikianza, sehemu za bondeni maji yanatuama, ila nyumba ile ipo juu kidogo.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo, Mgogo, alikuwa amekaa uani anachambua mlenda kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Akaniuliza kazi, akaniuliza kabila, akaniuliza mtoto ana miaka mingapi, yupo darasa gani. Kisha akauliza, "Na mama yake?" Nikamwambia. Mikono ikasimama. Akanyamaza kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya nyumba, halafu akasema, "Ukisafiri atalala kwangu na wajukuu wangu. Mlete nimwone." Shangazi, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nikainamisha kichwa nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Lakini choo na bafu viko nje, vya wote. Nilikwenda kulitazama lile bafu. Mlango ni wa bati, chini umeliwa na kutu kiasi cha kuingiza kiganja, na komeo ni msumari uliopindwa. Milango miwili inayotazamana na bafu ni ya vijana wa kiume, mmoja fundi simu, mwingine anaendesha bodaboda. Walinisalimia vizuri, mmoja akainuka kunipisha kiti. Sina neno juu yao. Ila nilisimama pale nikamwona binti yangu katika akili yangu, amejifunga kanga, ana ndoo, anapita mbele yao kila asubuhi saa kumi na moja giza halijaisha. Nilimuuliza mama mwenye nyumba kama anaweza kuniruhusu nitie mlango wa mbao na komeo la kweli kwa gharama yangu. Akasema nitie hata kesho. Je, mlango unatosha? Hapo ndipo ninapokwama.

Zipo nyumba za katikati, sikatai. Nimetembea Kisasa, nimetembea Area D. Ni mitaa mizuri, taa za barabarani zipo, majirani wa muda mrefu wapo. Nyumba ya aina tunayohitaji niliambiwa 400,000 na kuendelea. Siwezi, na sitaki kuanza maisha ya deni.

Nilifikiria kumleta mama yangu. Ana miaka 73, ana kifua, na baridi ya huku ya Juni na Julai pamoja na upepo wenye vumbi naogopa vitamwangusha. Na yeye mwenyewe ameniambia hawezi kuiacha nyumba yake na kaburi la baba. Dada wa kazi nimeonyeshwa wawili, mmoja ana miaka 17. Nikamwachie mtoto mtoto mwenzake, halafu niwe na wasiwasi wa wawili?

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kwa baba kuliandika. Mambo yake ya kike yote anayasimamia bibi yake. Siku ya kwanza alipovunja ungo mimi niliitwa tu barazani, nikaambiwa toa hela ya pedi, usiulize. Nikatoa, sikuuliza. Huku nani ataniambia? Mtoto hatakuja kwangu, nimemlea najua, atakaa na maumivu yake mpaka nirudi safari, na nikirudi atasema hajambo. Ninapotafuta nyumba natafuta na mwanamke mmoja mtu mzima ambaye atamtazama usoni akajua. Wenye kuona jambo hili dogo pengine hawajabaki peke yao na binti.

Na yeye mwenyewe nilimuuliza, maana amekua. Nilimpigia nikamweleza nyumba zote mbili, nikamtumia na picha. Nilidhani atachagua yenye malumalu. Alizitazama, akasema ya kwanza nzuri. Kisha akaniuliza, "Baba, nikitoka shule, kuna mtu atakayeniuliza nimetoka wapi?" Huyu ndiye aliyekuwa akinung'unika Ngamiani kwamba kutoka barabara ya 8 mpaka kwa bibi barabara ya 14 anasimamishwa na watu kumi, kila mmoja shikamoo yake, kila mmoja anataka kujua mbona umechelewa. Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwambia salio linaisha.

Shule nayo inanisukuma. Uhamisho wa mkoa kwa mkoa unataka shule inayompokea iandike kwamba ina nafasi, ndipo karatasi ziende kwa mkuu wa shule anayotoka na ofisi za elimu. Nafasi nimeahidiwa upande wa mashariki na nimeahidiwa upande wa Nkuhungu, lakini siwezi kushika zote mbili. Akisoma mashariki na kulala Nkuhungu, atapanda daladala mbili asubuhi na mbili jioni, na unajua makondakta wanavyowakwepa wanafunzi kwa ajili ya nauli ile yao ya shilingi 200. Kwa hiyo nikichagua nyumba nimechagua shule, na nikichagua shule nimechagua saa atakayokuwa barabarani.

Nimewaza pia kuomba nihamishiwe kwenye basi la wafanyakazi, niwe narudi nyumbani kila siku. Msimamizi wangu amesema inawezekana, ila safari zinakufa na posho inakufa. Nikifanya hivyo Nzuguni siiwezi tena, labda Nkuhungu, na kiwanja nilichoanza kulipia kule Tanga, kiwanja ambacho mama yake alikichagua mwenyewe, kitarudi kwa mwenyewe. Nikiambiwa na watu waliopitia kwamba hiyo ndiyo njia, nitaifuata. Kiwanja kitapatikana kingine.

Naomba hasa kusikia kutoka kwa kina mama na kina baba waliolea peke yao mtoto wa umri huu katika mji wa ugenini. Ukuta ulikusaidia, au majirani? Kuna aliyekaa nyumba ya wapangaji na binti, akawekaje mipaka bila kugombana na watu? Na nyinyi mabinti mliolelewa na baba, mlikuwa mnatamani baba awaulize nini ambacho hakuuliza? Nisemeni hata kwa ukali, nitapokea.

Mwenye nyumba wa Nzuguni amenipa mpaka tarehe 15 Desemba, baada ya hapo anampa mtu mwingine. Mama wa Nkuhungu nilimpa kishika nyumba cha 50,000, akakirudisha mkononi mwangu. Amesema hapokei hela ya mtu ambaye hajamwona. Tarehe 12 binti anapanda basi na mjomba wake, wanafika jioni, na nitakwenda stendi kuwapokea. Kutoka stendi kwenda Nzuguni ni karibu, kwa hiyo nafikiri tutaanza kwa kuitembea ile njia, mimi na yeye, saa moja, bila kumwambia chochote, nimwone anavyotembea. Asubuhi yake nimpeleke Nkuhungu.

Ni mimi,
Baba wa binti mmoja,
Dodoma