Barua kwa mdogo wangu anayesubiri hofu iishe kwanza

Marahaba, mdogo wangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Umesema vikao vya harusi huji, na siku yenyewe utaangalia, kwa sababu bado hujawa sawa. Ukishakuwa sawa utakuja. Nimeamua kukujibu hadharani, bila jina lako wala mji unakoishi, maana wanaosubiri siku watakayosimama mbele za watu huku moyo umetulia ni wengi.

Mimi nadhani siku hiyo usiisubiri.

Nyumbani hali yako haijawahi kuitwa kwa jina lake. Ulipokuwa mdogo ukijificha nyuma ya mlango wageni wakija, walikusifu una adabu. Sekondari ulipokataa kusoma risala wakasema ni aibu tu, utakua utaacha. Sasa una kazi yako, misibani huonekani, simu hupokei, na shangazi zetu wameshahitimisha kwamba unaringa. Hakuna aliyeuliza kwa nini chai ya ugenini huigusi. Mimi najua: unaogopa kikombe kitatetemeka na watu wataona. Hospitalini wanaitambua hali hii kama ugonjwa wa wasiwasi, hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa. Si maringo, na si pepo.

Kinachokuchosha kuliko hofu yenyewe ni kazi unayoifanya ili isionekane. Unakaa karibu na mlango. Unashika simu isiyo na bando. Salamu unaifanyia mazoezi kichwani, na ikishatoka unaikagua usiku kucha. Na kujiamrisha usiogope hakusaidii. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi huko Marekani wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wagonge kengele kila akiwajia. Kengele ziligongwa sana. Waliporuhusiwa kumfikiria, wakamfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo.

Hapo ndipo inapoingia tiba ninayotaka uijue, ya kukubali na kutenda. Wataalamu wanaiita ACT (tulia, sikupigii kampeni ya chama). Mwanzilishi wake mkuu, Steven Hayes, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Nevada, aliingia humo kwa mlango wa maradhi. Mwaka 1978, kwenye kikao cha walimu wa chuo, aliinua mkono aseme, watu wakamgeukia, akafungua kinywa na sauti haikutoka. Yake ilikuwa hofu ya ghafla, ile inayomkamata mtu akadhani moyo unasimama. Aliikimbia, akaipiga vita, akaificha, nayo ikazidi. Maisha yalianza kumrudia alipoacha kushindana nayo.

Walimu wa tiba hii hupenda mfano wa dereva wa basi na abiria wake. Sisi tuseme daladala. Abiria wa nyuma wanakupigia kelele: watakucheka, utajikwaa, shusha hapahapa! Ukisimamisha gari ugombane nao, safari imeishia hapo. Ukiwatii, unakwenda wanakotaka wao. Lakini unaweza pia kuwaacha wapige kelele zao, gari likaenda Mbagala kama kibao kinavyosema.

Kwa vitendo iko hivi. Wazo likija kwamba utaonekana mjinga, usilibishie. Jiambie: kichwa changu kinaniambia nitaonekana mjinga. Kifua kikibana, angalia kinabana sehemu gani, kama unayemwonyesha daktari, halafu rudisha macho kwa mtu mnayezungumza naye. Kisha jiulize pale umekwenda kwa ajili ya nani. Bibi ulimpenda kuliko sisi wote, na kwenye arobaini yake ulishinda chumbani. Sikulaumu. Nakukumbusha tu kwamba hofu uliipa siku ile nzima, na jioni ilikuwa bado ipo.

Kuna mtego, na kwa akili zako utaufikia haraka. Utasema: sawa, nitaikubali hofu, ili iondoke. Huko ni kuifukuza kwa upole. Utafika harusini, utakaa kidogo, utapima kama mapigo ya moyo yameshuka, utakuta bado, utasema tiba yenyewe imeshindwa. Usipime hofu. Pima kama ulimpongeza bibi harusi, kama ulikula meza moja na watu ukasikia walichokuwa wanasema. Siku nyingine hofu itapungua, siku nyingine itakuja na nguvu kuliko jana, na zote mbili ni siku za kwenda. Wala simaanishi uvumilie kila kitu. Anayekutania mbele za watu kwa ukimya wako anastahili kuambiwa aache, na mjomba mmoja nimeshamwambia.

Sikuuzii muujiza. Mwaka 2014 watafiti wa Los Angeles wakiongozwa na Michelle Craske waliilinganisha tiba hii na ile iliyozoeleka ya kurekebisha mawazo na tabia, kwa watu wenye hofu kama yako. Zote zilisaidia kuliko kuachwa kwenye foleni, na kwa ujumla hakuna iliyoishinda nyingine. Wala si mambo ya wenye pesa. Kwenye makazi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini magharibi mwa Uganda, karibu wanawake 700 wa Sudan Kusini waliingia kwenye utafiti wa mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yenye msingi huohuo: vikao vitano, rekodi za sauti, waongozaji wasio madaktari. Wao walibeba machungu ya vita, si hofu ya vikao, lakini miezi mitatu baadaye waliopewa mafunzo walikuwa na nafuu kuliko wenzao.

Ukitaka mtu wa kukuongoza, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na Dodoma kuna Mirembe. Najua mtaani jina hilo limegeuzwa tusi. Kuonana na mwanasaikolojia ni kukaa na kuongea, hafungiwi mtu. Dawa pia zipo, na si dhambi. Ila ukifikia kuwaza kujidhuru, usingoje barua ya mtu, nenda siku hiyohiyo.

Sasa la harusi. Kamati imekuweka kutambulisha ndugu wa upande wa mama: majina kumi na kitu, hotuba hakuna. Mwenyekiti anataka jibu kabla ya Ijumaa, ratiba ikachapwe. Ukikubali, karatasi itatetemeka mkononi, na itasomeka hivyohivyo. Ukiona hilo ni kubwa, kuna nafasi ya kupokea wageni mlangoni, haina kipaza sauti ila ina mikono mingi ya kushika. Na ukiamua kubaki nyumbani sitakununia, ila usiniambie tena kwamba unasubiri kuwa sawa.

Nijibu kwa meseji, si lazima kupiga.

Kaka yako