Barua ya wazi kwenu mlioacha vidonge vya kolesteroli

Wanangu,

Nimetoka kumwona mwenzenu wodini na hasira haijanitoka. Mwaka jana LDL yake, ile kolesteroli mbaya, ilikuwa milimoli 4.9 kwa lita. Akaandikiwa statini, vidonge vya kuishusha, akameza miezi mitatu, ikashuka hadi 2.3. Mkampongeza: "Umepona, achana na makemikali." Mkamnunulia unga wa kusafisha mishipa. Akaacha vidonge.

Hivi hakuna aliyejiuliza imeshushwa na nini? Kolesteroli nyingi ya mwilini haitoki sahanini, ini lenyewe ndilo huitengeneza. Statini huzuia kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwili, cha kazi hiyo. Ini likipungukiwa kolesteroli, huchota LDL kutoka kwenye damu. Ukiacha, ndani ya wiki chache namba zinarudi zilikokuwa. Hii si dawa ya kikohozi, umalize chupa usahau. Mimi huu mwaka wa 14 nameza. Mwanzoni mapaja yaliniuma, nikarudi kwa daktari, akanibadilishia aina. Sikuvitupa chooni. Na hayo makemikali, kwa taarifa yenu, Akira Endo wa Japani aliyapata kwenye ukungu miaka ya 1970. Unga wenu umetoka wapi?

"Lakini sisikii chochote." Wala hutasikia, mwanangu. LDL hupenya ukuta wa mshipa kimyakimya, utando ukajijenga miaka na miaka. Siku utando huo ukipasuka, damu inaganda papo hapo na njia inaziba. Kuna ambao dalili yao ya kwanza ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Nanyi wa vituo vya afya, mnamkabidhi mtu karatasi ya namba bila hata dakika tano za maelezo. Muuza unga anazo saa nzima. Mnadhani atamsikiliza nani?

Mengine mnayajua: kuacha sigara, kutembea, kupunguza mafuta yanayoganda, kula vyenye nyuzinyuzi. Wembamba nao si kinga. Takriban mtu 1 kati ya 250 huzaliwa na kolesteroli ya juu ya kurithi. Kama baba yako alishikwa na moyo kabla ya miaka 55, au mama kabla ya 65, pima sasa. Anayetaka kushika mimba aongee na daktari kwanza kuhusu vidonge hivi.

Kesho wanamtoa chumba cha uangalizi. Nendeni mkamwone, anawaulizia. Unga uacheni nyumbani.