Kliniki za sukari ziangalie na mdomo pia

Mhariri,

Wagonjwa wa sukari wanaambiwa kila siku habari ya macho, figo na miguu na ni sawa kabisa, lakini tezi za mate hakuna mtu anazigusia. Mamangu ana sukari miaka mingi, akaanza kulalamika mdomo umekauka mpaka chapati haimezeki bila chai, meno yakaoza pale karibu na ufizi, na kliniki anakoenda wanampima presha, wanamdunga kidole, wanamuandikia dawa anaitwa mwingine. Hata siku moja hajaambiwa afungue mdomo!

Sukari ikikaa juu kwa damu miaka na miaka inaharibu ile mishipa midogo kabisa, kuta zake zinakuwa nene na ngumu, damu inapita kwa shida. Ndio hiyo hiyo inaua macho na figo. Sasa tezi ya mate inatoa maji yake kwa damu ya hiyo mishipa, na mtu mzima mwenye afya anatengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, mishipa ikibana na neva zinazoamrisha tezi nazo ziguswe, mate lazima yapungue. Na mate ndio yanalinda meno, ndio yanazuia ule ukungu mweupe wa ulimi. Si mishipa pekee, mtu sukari ikimpanda anakojoa sana maji yanaisha mwilini, na kuna dawa zingine hata za presha zinakausha mdomo, ndio maana daktari aangalie badala ya sisi kukisia huku nyumbani.

Kinachoniuma zaidi ni vile watu wanajitibu. Mdomo umekauka, mtu anakimbilia soda ama juisi ya pakiti, sukari inapaa, mdomo unakauka tena. Jameni ni maji tu, kidogo kidogo, ama chingamu isiyo na sukari. Fizi nazo zikioza zinafanya sukari iwe ngumu kushuka, kwa hivyo daktari wa meno si mtu wa kuendewa siku ya kung'oa.

Ombi langu kwa wizara na kaunti yetu, siku ya kliniki mgonjwa aulizwe kama mdomo unakauka, amulikwe na tochi, na akipatikana na shida aandikiwe barua ya kwenda kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo.

Msomaji wenu,
Kayole, Nairobi