Mhariri, faini ya dereva sio fidia ya mguu wangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama ni ndefu punguza kwingine ila ile sehemu ya karatasi niliyosaini usiiguse, ndo iliyonifanya nikae chini niandike.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala, nashona sare za shule na magauni ya kina mama, cherehani yangu ni ile ya kukanyaga. Mwezi wa pili mwaka jana nilichukua boda ya kijana wa kijiweni kwetu naenda Kariakoo kufata zipu na bitana. Tumefika Mtongani kwenye Kilwa Road, kuna Noah mbele yetu imesimama kushoto kama inashusha mtu, tunaipita, ghafla ikakata kulia kuwahi pa kugeuzia, indiketa hamna, kioo hajaangalia, sisi tukaivaa ubavuni.

Helmeti nilivaa. Nalisema hili kwa sababu nilikuwa nimetoka kusuka juzi yake na nilitaka kuikataa, zile helmeti za abiria mnazijua zinavyonuka jasho la wilaya nzima, kijana akaniambia mama vaa tu trafiki wapo pale mbele. Ilipasuka upande wa kulia kuanzia juu mpaka sikioni. Kichwa changu kizima, ndo hichi kinachoandika.

Mguu wa kulia ndo haukupona. Mfupa wa muundi ulitoka nje nikauona kwa macho yangu mawili, mweupe kama chaki ya kukatia nguo, na cha ajabu wala sikulia, nilikuwa nauliza pochi yangu iko wapi maana ilikuwa na hela ya mteja. Dereva wa bajaji ambaye mpaka leo simjui jina alitupakia mimi na yule kijana, yeye kavunjika kiganja, tukapelekwa hospitali ya karibu. Pale nesi alinisafisha kidonda kwanza ndo akaulizia PF3, namshukuru sana kwa hilo, maana wenzangu wodini walinihadithia walivyokalishwa kwenye benchi damu zinatoka wanasubiri fomu ya polisi. Shemeji yangu ndo alikimbia kituoni akarudi nayo jioni.

Nikahamishiwa hospitali kubwa. Kwa wasiojua, mfupa ukitoka nje hawakufungi hogo hapo hapo, wanaogopa kidonda kuoza, kwahiyo wanakusafisha alafu wanakuwekea vyuma vya nje, vinaingia kwenye mfupa na kutokeza kama misumari, watoto wa mtaani kwetu waliviita antena. Nilikaa na antena miezi minne. Kila siku unasafisha pale vinapoingilia, ukizembea siku mbili tu usaha huo. Baadae ndo nikapasuliwa tena nikawekewa chuma cha ndani. Ndugu zangu wa Mkuranga wao walishaandaa fundi wa mifupa wa kienyeji, wakasema ana mkono mzuri, nikawaambia fundi mimi na fundi yeye, najua mafundi tulivyo, tunasema Ijumaa iko tayari kumbe hata hatujakata.

Sasa karatasi.

Siku ya nne wodini wakaja wanaume watatu. Mwenye Noah, mdogo wake, na mmoja kavaa shati jeupe na faili kwapani akajitambulisha ni wakili, nimekuja kujua baadae kuwa ni kishoka tu wa pale nje. Walikuja na juisi na machungwa. Pole nyingi sana. Yule mwenye gari akasema dada yangu, sisi wote binadamu, haya mambo tuyamalize kiutu uzima, ukisema twende mahakamani utazunguka miaka na huo mguu. Kishoka ndo akaweka msumari, akasema alafu huyo kijana wako wa boda hana leseni, kesi ikienda mbele anafungwa yeye, unataka umfunge mtoto wa watu?

Na kweli leseni hakuwa nayo. Na mama yake namjua, namshonea. Baba watoto yuko Lindi kwenye shughuli zake, simu yangu imepasuka kioo, nimechomwa sindano ya maumivu dunia naiona inaelea. Wakatoa bahasha, shilingi 350,000. Wakatoa na ukurasa uliochanwa kwenye kauntabuku umeandikwa kwa mkono, kwamba mimi nimepokea na sitadai kitu chochote tena leo wala baadae. Biro hawana. Niliazima biro kwa nesi nikasaini.

Ile hela haikumaliza wiki mbili. Deni la vyuma peke yake liliikula na kutaka nyingine, tukachanga kwenye grupu la familia, nikakopa na kikoba, kikoba ambacho mimi mwenyewe ndo mweka hazina, aibu niliyoipata siwezi kuielezea hapa.

Mwezi wa tano akanipigia askari, mama habari njema, yule dereva wa Noah amesomewa shitaka la kuendesha kwa uzembe, amekiri kosa, kalipa faini, kesi imeisha tumeshinda. Nikafurahi jamani! Nikamuuliza sasa afande hela naifata wapi, mahakamani au kituoni? Akacheka, sio kwa ubaya, akasema mama ile faini ni ya serikali. Nikakata simu nikaangalia antena zangu. Dereva kaondoka na risiti yake, serikali imepata chake, mimi kilichovunjika ni cha kwangu na hakimo kwenye hesabu.

Hapa ndo naomba wasomaji wanielewe maana mimi nimelipia kuelewa. Ile kesi ya trafiki ni ya Jamhuri na dereva, wewe uliyeumia ni shahidi tu. Hakimu anaweza kuamuru ulipwe fidia, sheria inamruhusu, lakini dereva akikiri fasta asubuhi na wewe uko kitandani hakuna wa kukusemea. Fidia yako ina njia yake nyingine kabisa nayo ni bima. Ile stika ya bima ndogo, thadi pati, ambayo kila mwenye gari analalamika kuilipia na wengine wanaikata ili trafiki asiwasumbue, kazi yake ni hiyo, kumlipa mtu wa nje aliyeumizwa na gari. Ipo kwa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, sio hisani ya mwenye Noah. Tena mimi nilikuwa abiria, sikushika usukani wala sikuhusika na leseni ya mtu, kwahiyo lile la kunitisha na kijana wa boda lilikuwa ni la kunitoa njiani tu.

Nani kaniambia haya? Sio polisi, sio hospitali, sio mahakama. Ni mteja. Alikuja kuchukua gauni la kitchen party, halijaisha, nikajitetea kwa kumuonyesha mguu, akakaa kwenye kigoda akauliza maswali, kumbe ni msaidizi wa kisheria, wale wanaotambulika kwenye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawatozi. Akaniuliza namba ya ile gari. Namba nilikuwa nayo, shemeji aliipiga picha siku ile ile. Akaingiza kwenye simu yake kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia bima, wa kuhakiki stika, dakika haijaisha ikaja, jina la kampuni ya bima, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha. Siku ya ajali bima ilikuwa hai. Mhariri, miezi kumi namba ile imelala kwenye simu yangu na mimi nakopa kikoba.

Tukaanza kukusanya makaratasi. PF3 iliyojazwa na daktari, fomu nyingine za polisi za ajali yenyewe, PF90 na PF115, ramani ya ajali, nakala ya hukumu, risiti zote, ripoti ya daktari ya asilimia ya ulemavu. Nakala ya hukumu muhimu sana, mtu akishatiwa hatiani kule kwenye jinai hawezi kuja huku kwenye madai kusema hakuwa na kosa. Kituoni nimeenda mara sita kwa magongo, mara mpelelezi kahamishwa, mara faili liko mahakamani, mara karani kaenda msibani. Vishoka nao wamejaa, mmoja alinifata hadi kwenye kibanda cha fotokopi akasema niachie mimi mama, yako sitini yangu arobaini. Asilimia hizo. Nikamwambia huo mguu tumevunjika wote?

Kampuni ya bima walipokea, wakakaa kimya miezi miwili, alafu wakajibu kwa barua nzuri ina nembo, kwamba kwa mujibu wa makubaliano nilishalipwa na nilishasema sitadai. Wameambatanisha kopi. Ile karatasi ya kauntabuku! Mwandiko ule ule, sahihi yangu imepinda kama njia ya panya.

Yule dada wa msaada wa kisheria ananiambia nisikate tamaa, karatasi iliyosainiwa kitandani siku ya nne, mtu kachomwa dawa, daktari hajasema hata kama mguu utabaki, inabishaniwa, na wamejibiwa hivyo kwa maandishi. Wakiendelea kukaza kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ikishindikana huko ni mahakamani, na mahakamani Sheria ya Ukomo inakupa miaka mitatu tu kwa madai ya namna hii, ikipita hata ungekuwa na haki ya dhahabu wanaifuta. Nimeshakula mwaka na miezi nane.

Mtu atasema si angekataa kusaini. Sawa. Nenda wewe ukalale pale siku nne alafu uniambie.

Ombi langu ni dogo na nadhani halina bajeti. Trafiki akifika kwenye ajali anakagua bima ya gari, anaandika kwenye faili lake. PF3 niliyopewa mimi haikuwa na mstari hata mmoja wa bima. Aandike na humo basi, kampuni fulani, stika namba fulani, na chini yake maneno mawili matatu kwamba mwenye fomu hii anaweza kudai fidia. Ile fomu ndo karatasi pekee ambayo kila majeruhi anaishika, hata asiyejua kusoma anaye mtu wa kumsomea. Wale wanaume watatu wangenikuta najua.

Na kuna msomaji wako mmoja aliandika humu kuwa boda wafutwe mjini ndo ajali zitaisha. Mimi siwatetei, yule kijana kunibeba bila leseni kanikosea na nimemwambia mbele ya mama yake. Lakini iliyogeuza bila kuangalia ni gari yenye milango mitano. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, ilishikiliwa kituoni wiki tatu na bosi anataka hesabu yake ya kila siku kama kawaida, kiganja kimefungwa hogo kijana anabeba zege kwa mkono mmoja ili alipe pikipiki ambayo hata haiendeshi. Fidia yake yeye ndo hata hajaanza kuifikiria. Leseni ameshapata mwezi wa sita.

Mguu unaendelea. Dada wa mazoezi ya viungo alinikunja goti mpaka nikamuita majina mabaya, akawa anacheka tu. Kifundo ndo kimekaza. Nilipomwambia kazi yangu akasema basi kakanyage cherehani, ndo zoezi lenyewe, dakika kumi kumi. Siku ya kwanza niliweka mguu kwenye kanyagio, kichwa kinajua cha kufanya ila mguu umesahau, gurudumu likazunguka kinyumenyume, uzi ukajisokota chini ya sindano ukakatika. Nikatunga tena, ukakatika tena. Binti yangu wa darasa la tano akachutama akawa anasukuma kanyagio kwa mkono na mimi naongoza kitambaa, tukamaliza mfuko mmoja wa shati, umepinda, lakini tumeumaliza. Sasa hivi nakanyaga mwenyewe, wa kushoto unasukuma wa kulia unafatia. Sare za Januari miaka yote napokea oda za shule nzima, safari hii nimechukua kumi na mbili.

Jumanne bima wameniita na ripoti mpya ya daktari. Nitaondoka alfajiri nipate daladala yenye siti ya mbele, pale mguu unanyooka.

Fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam