Ukipigwa tochi Kisesa, anza na picha

Mhariri,

Madereva wa njia ya Mwanza–Musoma wakipigwa tochi, yaani wakipimwa mwendo kwa kifaa cha trafiki, hukimbilia hoja moja: askari alikaa pembeni ya barabara, kipimo kimepinda. Hoja hiyo haimwokoi mtu. Tochi ikiwa pembeni husoma mwendo pungufu: kwa pembe ya digrii 20, gari la kilomita 60 kwa saa husomeka 56. Aliyependelewa hapo ni dereva.

Cha kugombania ni gari lipi lilipimwa, na likiwa wapi. Tochi ya mawimbi ya redio hutawanya mwale; wenye upana wa digrii 12, ukifika mita 300, unafunika zaidi ya mita 60, barabara nzima na vibanda vyake. Gari dogo la Noah likiwa mbele na lori likija kasi nyuma yake, kinachosomwa kinaweza kuwa lori, maana bodi lake kubwa hurudisha mawimbi mengi. Tochi ya leza ni habari nyingine: kwa umbali huohuo mwale wake una upana wa mita moja hivi. Huko usilete habari za lori. Tazama alama ya shabaha imekaa juu ya gari lako au la jirani.

Kwa hiyo omba picha iliyopigwa na tochi kabla ya kulipa chochote. Namba ya gari na mwendo kila mtu huviangalia, umbali wanauruka. Askari akiwa mita 250 baada ya kibao cha 50, na picha ikaandika mita 400, basi ulipimwa mita 150 kabla ya kukifikia kibao. Pima kwa hatua, kipige picha kibao siku hiyohiyo, hasa kama matawi yamekifunika. Wenye mabasi waombe pia kumbukumbu za VTS (mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi), wakilinganisha saa hadi sekunde.

Ukilipa ile faini ya shilingi 30,000 umekubali kosa. Mwambie askari unapinga na unataka mahakama. Mara nyingi aliyekusimamisha alitumiwa picha kwa simu tu; aliyeshika tochi ndiye wa kuulizwa aliijaribu lini na nani aliihakiki.

Ila kama umefunga tairi zilizozidi za kiwandani kwa asilimia 10 ya kipenyo, mshale ukisema 50 wewe uko 55. Hiyo lipa tu.

Mdau wa usafirishaji,
Nyakato, Mwanza