Mkono wa mtoto sio mashine

Mhariri, salamu kutoka Ohio, Marekani, baridi huku we acha tu. Wangu ana miaka 12, anacheza besiboli, ndo mrushaji wa timu, sasa msimu ukiisha tu kocha wa kulipia anakwambia lete hela tuendelee kurusha ndani mpaka machi, nami nikalipa, kufika januari dogo hawezi hata kuinua kikombe cha chai, kiwiko kinamuuma. Kumbe MLB, yaani ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na USA Baseball, shirikisho la mchezo huo huku, kwenye mwongozo wao wa warushaji uitwao Pitch Smart wamesema wazi, miaka 9 hadi 12 apumzike kurusha angalau miezi 4 kwa mwaka, na miwili mitatu iwe mfululizo!! Si kwamba alale kwenye kochi lakini. Sasa tunapiga skwoti, pushapu, planki, na kuvuta mpira wa mazoezi, ule unaonyumbulika kama kamba, tuliofunga kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, mara 3 kwa wiki, maana nguvu ya kurusha inaanzia miguuni na kiunoni bwana, sio mkononi. Bibi yake kwenye video anauliza mbona mjukuu wangu anagombana na mlango.

Wazazi wenzangu wa huku, kabla hujatoa hela muulize kocha mtoto atapumzika lini.

Mzazi, Columbus