Kitovu shingoni hakimzibii mtoto pumzi

Ndugu Mhariri,

Makala ya afya mliyoitoa juzi iliwaambia wajawazito kwamba mtoto aliyezungukwa na kitovu shingoni anakabwa, anakosa pumzi. Sivyo. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa koo. Mapafu yake yamejaa maji yanayotengenezwa humo humo mapafuni, na ingawa kifua chake huchezacheza kama cha mtu anayepumua, hayo ni mazoezi tu. Hakuna hewa inayoingia wala kutoka. Oksijeni yote anayoitumia inamfikia kwa kupitia kitovu.

Oksijeni hiyo huanzia kwenye mapafu ya mama. Mimba inapokomaa, damu yake hufika kwenye mji wa mimba kwa kiasi cha mililita 500 hadi 700 kila dakika, na sehemu kubwa humwagika kwenye uwazi ulio ndani ya kondo la nyuma. Humo kuna vitawi vidogo vidogo visivyohesabika, na ndani ya kila kitawi mishipa myembamba ya damu ya mtoto. Damu ya mama inaviosha vitawi kwa nje, ya mtoto inapita kwa ndani, na hazichanganyiki. Oksijeni inapenya utando mwembamba ulio katikati, kabonidayoksaidi inarudi upande wa pili.

Damu inayotoka kwenye kondo kwenda kwa mtoto huwa imejaa oksijeni kwa takriban asilimia 80. Mtu mzima akipimwa akakutwa na kiwango hicho atakimbiziwa mtungi wa oksijeni, lakini mtoto anastawi nacho. Himoglobini yake, yaani kibebaji cha oksijeni katika damu, ni ya aina nyingine, inaikamata oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama. Tena anayo nyingi: karibu na kuzaliwa huwa na gramu 16 au 17 kwa desilita, wakati mama mjamzito huwa na 11 au 12 hivi. Na moyo wake unadunda mara 110 hadi 160 kwa dakika.

Kitovu chenyewe kwa kawaida kina urefu wa sentimita 50 hadi 60. Ndani yake mna ateri mbili (mishipa inayotoa damu moyoni) na vena moja (mshipa unaorudisha damu moyoni), na hapa mchoro wenu nao uliteleza: rangi nyekundu, ya damu yenye oksijeni, ilipakwa kwenye ateri. Katika kitovu, vena ndiyo inayomletea mtoto damu yenye oksijeni. Ateri zinarudisha kwenye kondo damu iliyokwisha kutumika. Mishipa hiyo mitatu imesokotana na kuzungukwa na ute mzito unaoteleza, unaoizuia isibanwe kirahisi. Ndiyo maana katika kila watoto wanne au watano wanaozaliwa, mmoja huja na kitovu shingoni, na walio wengi hawadhuriki. Mama akiambiwa kwenye ultrasaundi ya wiki ya 30 kwamba kitovu kimezunguka shingo, hilo peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mtoto bado anageuka, anaweza kujinasua mwenyewe kabla ya siku zake za kuzaliwa.

Hatari ipo pale kitovu kinapovutwa au kubanwa hadi damu isipite, na hapo shingo haina la kufanya. Mtoto anaposhuka, kitovu kilichokaza hubanwa wakati wa uchungu. Mapigo ya moyo yanaanguka ghafla, kisha yanapanda uchungu ukiachia. Yasipopanda, au yakianguka kila uchungu na kuchelewa kurudi, ndipo pa kuchukua hatua. Kitovu kilichobana sana kinaweza pia kuzuia damu isirudi kutoka kichwani, mtoto akazaliwa na uso wa zambarau na mwili wenye rangi ya kawaida. Weusi huo wa uso huisha kwa siku chache.

Uchungu wenyewe hupunguza oksijeni, kwa kuwa msuli wa mji wa mimba ukikaza unaibana mishipa inayopita ndani yake. Mtoto anafidia kwenye mapumziko. Kwa hiyo anayeongezewa uchungu kwa oksitosini lazima ahesabiwe: zaidi ya mara tano katika dakika kumi ni nyingi mno, dripu ipunguzwe au isimamishwe. Mama asilale chali, maana mji wa mimba unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kuanzia wiki ya 28 alale kwa ubavu hata usingizini.

Dharura ya kweli, ambayo makala yenu haikuigusa, ni kitovu kutangulia: chupa inapasuka na kitovu kinatoka mbele ya mtoto, hasa akiwa amekaa vibaya au kichwa hakijashuka. Hapo kichwa kinakigandamiza. Mama apige magoti, kifua chini na makalio juu. Mkunga aingize mkono wenye glavu akiinue kichwa kisikalie kitovu, na asiutoe hadi chumba cha upasuaji. Kitovu kisirudishwe ndani wala kushikwashikwa, kwani baridi na mikono huifanya mishipa yake isinyae.

Sasa ushauri wenu kwa wakunga, kwamba kitovu cha shingoni kikatwe mara kichwa kinapotoka. Utaratibu ni mwingine. Kidole kinapitishwa shingoni kutafuta. Kitovu kikiwa kimelegea, kinavutwa taratibu na kupitishwa juu ya kichwa. Kikigoma kupita kichwani lakini kina nafasi, kinaachwa kiteleze juu ya mabega mwili unapotoka. Kikiwa kimebana zaidi, kichwa kinashikiliwa karibu na paja la mama ili mwili upinduke unapotoka, halafu kitovu kinafunguliwa. Kukibana kwa vibanio viwili na kukikata kati kabla ya mabega kutoka ni hatua ya mwisho kabisa, yote mengine yakishindikana. Maana mabega yakikwama baada ya hapo, mtoto hana tena oksijeni ya kondo, na kifua kilichobanwa njiani hakiwezi kutanuka avute hewa. Tunaomba aya hiyo isahihishwe kabla ya nyingine zote.

Wakunga wakufunzi